Matangi ya mafuta Mombasa: Hatari iko juu ya petroli

Anayeketi Mama Ngina, kusini mwa Kisiwa cha Mombasa, huziona meli za mafuta zikiingia kwa mkondo wa Likoni kuelekea Bandari ya Kilindini. Zikishafunga gati, shehena yao husukumwa kwa mabomba hadi kwenye matangi ya chuma yaliyosimama wima Shimanzi, palepale kisiwani, na ng'ambo ya bara, Kipevu na Changamwe. Matangi ya kiwanda cha Changamwe, kilichoacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, yamebaki kuwa ghala.

Tangi la namna hii huundwa kwa mabamba yaliyochomelewa, ya chini yakiwa manene zaidi kwa kuwa ndiko uzito wa mafuta unakolemea. Hata hivyo, kinachowaka si petroli yenyewe bali mvuke wake ukichanganyika na hewa. Petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto la Mombasa. Dizeli haifikii hapo mpaka ipashwe moto kupita nyuzi 50 hivi. Ndiyo sababu petroli huwekewa paa linaloelea juu yake, likipanda na kushuka nayo, ili mvuke ukose pa kukaa. Dizeli hutosheka na paa lisilosogea, lenye tundu la kupumulia.

Mafuta yanapopita bombani huzalisha umeme. Kwa hiyo tangi huunganishwa na ardhi kwa nyaya, na ujazaji huanza polepole hadi mdomo wa bomba uzame. Pembeni hujengwa ukuta wa kuyazuia mafuta yakimwagika. Kipimo kinachotumika sana ni asilimia 110 ya ujazo wa tangi kubwa kuliko yote ndani yake.

Ukuta, lakini, hauzuii mvuke. Huko Buncefield, Uingereza, Desemba 11, 2005, kipimo cha tangi kilikwama na swichi ya dharura haikufanya kazi. Petroli ikafurika, mvuke ukatanda nje ya ukuta kama ukungu, kisha ukalipuka. Ilikuwa alfajiri ya Jumapili, ofisi za jirani zikiwa karibu tupu. Watu 43 walijeruhiwa, hakuna aliyefariki. Changamwe haina saa tupu kama hiyo: nyumba za wakazi ziko jirani na matangi, na malori hupita usiku na mchana.