Makala ya Kununua Tayari Yalianza Zamani Kuliko Intaneti

Kuna vijana wengi sana siku hizi wanauziwa pakiti za makala. Makala hamsini, mia, tayari yameandikwa, kazi yako ni kukopi na kupesti. Nimeona niseme kitu, kwa sababu mimi pia nilishanunua.

Nilikuwa nimepewa kazi ya kujaza tovuti ya agrovet moja kule Kitale. Badala ya kuandika, nikanunua pakiti, nikabadilisha kichwa hapa na pale, nikatuma. Kumbe makala moja ya mahindi ilikuwa inamwambia mkulima asubiri theluji iyeyuke ndipo apande. Theluji, Kitale! Mkulima mmoja akapiga simu dukani kuuliza kama wanamchezea. Mwenye duka hakucheka. Kazi iliishia hapo, na pesa nilikuwa nimekula tayari.

Baada ya hiyo aibu ndio nikaanza kusoma mambo haya yalitoka wapi. Nilidhani yalikuja na intaneti. Wapi!

Mwaka 1861, katika mji mdogo wa Baraboo, jimbo la Wisconsin, Marekani, mhariri Ansel Nash Kellogg alibaki bila msaidizi kwa sababu vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimemchukua. Gazeti lilipangwa herufi moja moja kwa mkono, na peke yake hangeweza. Akaagiza karatasi kutoka Madison zikiwa zimeshachapwa habari za vita upande mmoja. Ule upande mwingine akajaza habari za Baraboo. Wazo likashika. Kufikia 1865 alikuwa Chicago na kampuni ya kuuzia magazeti ya mashambani karatasi zilizochapwa nusu. Zilikuwa bei rahisi kwa sababu ndani yake kulikuwa na matangazo yaliyolipiwa. Baadaye zikaja sahani za chuma zenye makala tayari. Mhariri alikata kipande kinachotosha nafasi yake, akachapa.

Sasa jiulize, mbona wasomaji hawakulalamika? Mimi naona sababu ni mbili. Kwanza, msomaji wa Baraboo hakuwa na gazeti la mji wa pili mezani alinganishe. Pili, ile nusu ya Kellogg ilikuwa ya kwao kweli: nani amezaa, nani amekufa, bei ya ngano.

Intaneti iliua ile sababu ya kwanza. Google inaweka magazeti yote ya dunia mezani kwa sekunde moja. Watu husema inakupiga faini ukirudia makala ya mwingine. Si hivyo hasa. Mara nyingi inachagua nakala moja ya kuonyesha na kuziacha zingine nyuma. Yako, iliyopakiwa jana kwa tovuti ambayo hakuna anayeijua, si ndio itachaguliwa.

Miaka ya 2000 watu walijaribu kuikwepa. Kulikuwa na tovuti kama EzineArticles, unachukua makala bure mradi uache kiungo cha mwandishi. Zikaja programu za kubadilisha maneno ili makala moja ionekane kumi. Na kampuni kama Demand Media, wenye eHow, hawakukopi bali walizalisha makala ya haraka kwa wingi. Januari 2011 iliingia soko la hisa la New York ikiwa na thamani kuliko kampuni ya gazeti la New York Times. Mwezi uliofuata Google ikaleta mabadiliko yaliyoitwa Panda, yakagusa karibu asilimia 12 ya utafutaji Marekani. EzineArticles ikaporomoka mara moja, na Aprili ikafika zamu ya eHow. Mwaka 2016 Demand Media ilibadilisha hata jina.

Usiseme hayo ni ya zamani. Machi 2024 Google ilitangaza kwamba itashusha makala yanayozalishwa kwa wingi ili kupata nafasi tu, yawe yameandikwa na mtu au na mashine. Kwa hivyo wewe unayebonyeza kitufe upate makala thelathini kwa dakika kumi, tuko kwa mashua moja.

Lakini kusema ukweli, si Google iliyonifutisha kazi. Ni mkulima aliyesoma. Nguo ya kuazima haisitiri, na mtu wa Kitale anajua mvua yake.

Siku hizi kabla ya kuandikia duka lolote napiga simu kwanza. Nauliza: wiki hii wateja wamekuuliza nini? Agrovet mwingine aliniambia watu watatu wameuliza mbona mbegu ya mwaka jana haikuota vizuri. Hiyo ikawa makala yangu. Pakiti ya makala mia isingekuwa nayo.