Miwani ya theluji: toka pembe ya mnyama hadi kioo cha sumaku

Theluji inaweza kumfunga mtu macho hata kama hakuna kitu kilichomgusa. Watu wa inchi za baridi walijua jambo hilo tangu zamani sana. Miwani mikubwa inayovaliwa leo na wachezaji wa ski, mchezo wa kuteleza juu ya theluji, ilitokana na uchungu huo, si na mchezo.

Jua linatoa mwangaza tunaouona na pia miale tusiyoiona, ile ya urujuanimno, yenye kuunguza ngozi. Udongo na majani hurudisha juu sehemu ndogo tu ya miale hiyo. Theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80. Basi mtu anachomwa kutoka juu na kutoka chini kwa mara moja, na kofia haimsaidii sana. Tena, kila mara anapopanda mita 1,000, miale huongezeka kwa karibu asilimia 10. Uchungu hauji papo hapo. Hufika kisha saa kadhaa, mara nyingi usiku, kama vile mchanga umetiwa chini ya kope. Jicho hupona kwa kawaida kisha siku moja hadi tatu, lakini kwa msafiri aliye mlimani siku hizo zinaweza kuwa za kufa ao kupona.

Xenophon, mwandishi na askari Mgiriki, aliandika juu ya jeshi lililorudi nyumbani kupitia milima ya Armenia katika majira ya baridi ya mwaka wa 401 kuingia 400 mbele ya Kristo. Askari wengine walipoteza macho kwa sababu ya theluji. Anaeleza kwamba kushika kitu cheusi mbele ya macho wakati wa kutembea kulisaidia.

Mbali sana na hapo, huko kaskazini kabisa mwa Amerika, Wainuit na majirani zao walipata dawa bora zaidi. Walichonga pembe ya mnyama, mfupa, jino la nguruwe-bahari ao mti uliosukumwa na maji hadi ufukoni, kisha wakakata ufa mwembamba wa kuchungulia. Hakuna kioo ndani yake. Ufa unaachilia mwangaza kidogo tu, na kwa kuwa hakuna kioo, hakuna kitu cha kushika ukungu. Miwani ya namna hiyo iliyofukuliwa kandokando ya bahari ya Bering ina umri wa karibu miaka 2,000.

Wazungu walikuja na vioo vyenye rangi, lakini navyo vilikuwa na shida. Mwaka wa 1924, Mwingereza Edward Norton alipanda mlima Everest hadi zaidi ya mita 8,500. Alivua miwani yake njiani kwa kuona kwamba inamsumbua kutazama pa kukanyaga. Usiku ulipofika macho yake yalifunga, akakaa zaidi ya siku mbili bila kuona. Miwani ilikuwepo, shida ni kwamba ilimzuia kufanya kazi yake.

Shida kubwa zaidi ilikuwa ukungu. Jasho na pumzi ya mtu ni joto, kioo ni baridi. Vikikutana, maji hushika kwenye kioo kama yanavyoshika chini ya kifuniko cha sufuria. Munamo miaka ya 1960, Robert Earl Smith, daktari Mmarekani wa kunyoosha meno aliyependa sana ski, alitafuta jibu. Alitia vioo viwili, kimoja mbele ya kingine, akafungia hewa katikati. Kioo cha nje kinabaki baridi, cha ndani kinabaki na joto, na ukungu haushiki upesi. Pembeni akaweka sponji inayopitisha hewa. Inaelezwa kwamba mwanzoni alitoa miwani hiyo ili apewe tiketi za kupanda mlima bila kulipa. Mwaka wa 1965 kazi hiyo ikawa kampuni.

Ikabaki shida ya tatu: mwangaza hubadilika. Asubuhi kuna mawingu, saa sita jua kali. Kioo cheusi kinafaa juani, lakini kwenye mawingu hakionyeshi mashimo. Ndiyo maana vioo hupangwa kwa namba toka 0 hadi 4. Namba 0 hupitisha mwangaza wa asilimia 80 ao zaidi. Namba 3, ya jua kali, hupitisha kati ya 8 na 18. Namba 4 hupitisha chini ya 8. Kwa mawingu, watu huchagua rangi ya manjano ao ya waridi, namba 1.

Mwanzoni, kubadilisha kioo kulimaanisha kuvua glavu, kukunja fremu laini na kusukuma kioo kwa vidole katika mfereji wake. Vidole vilichafua upande wa ndani, ambao umepakwa dawa ya kuzuia ukungu na hautakiwi kusuguliwa. Kisha zikaja fremu zenye kishikizo kinachofunguliwa na kufungwa kama komeo. Munamo miaka ya 2010 makampuni yakatia sumaku: kioo kinanasa chenyewe, hata kwa mkono wenye glavu. Ubaya wake ni kwamba mtu akianguka vibaya kioo kinaweza kutoka, kwa hiyo miwani mingine ina sumaku pamoja na kishikizo.

Mambo haya hayako mbali na Kivu. Rwenzori, ambao Wanande na Wakonjo huuita Rwenzururu, una theluji kwenye kilele cha Margherita, mita 5,109, kwenye mpaka wetu na Uganda. Anayepanda kutoka Mutwanga anahitaji kinga ileile. Pia familia nyingi zilizotoka katika kambi zimepelekwa Kanada, Marekani ao inchi za kaskazini mwa Ulaya, ambako watoto hucheza kwenye theluji kwa miezi mingi.

Na fundi wa kuchomelea vyuma kwa umeme, awe Goma, Beni ao Bukavu, akifanya kazi bila kinga anapata ugonjwa uleule: moto wa kuchomelea hutoa miale hiyohiyo. Miwani ya jua haimtoshi. Anahitaji kioo kilichotengenezwa kwa kazi hiyo.

Anayenunua miwani ya theluji aangalie kwanza kama imeandikwa UV400 ao asilimia 100 UV. Weusi wa kioo si ushahidi. Kioo cheusi kisichozuia miale kinaweza kudhuru zaidi, kwa sababu mboni hufunguka gizani na kupokea miale mingi. Kisha aijaribu usoni: sponji iguse ngozi pande zote bila kubana pua. Vioo vya kubadilisha vinakuja baada ya hayo, na viwili vinatosha: kimoja cha jua, kingine cha mawingu.