Tabora na Kipimo cha Shule Bora: Kutoka Watoto wa Machifu hadi Wanafunzi wa Wastani

Mnunuzi wa pembe za ndovu aliyekuwa Bagamoyo katika karne ya 19 aliuona mzigo, lakini njia uliyopitia hakuiona. Mpagazi wa Kinyamwezi, aliyebeba takriban frasila mbili kutoka Unyanyembe hadi pwani, ndiye aliyeujua umbali. Makala haya yanatoa hoja kwamba shule za umma nchini Tanzania zimehukumiwa kwa muda mrefu kwa jicho la mnunuzi yule. Shule husifiwa kwa alama za wahitimu wake, bila kuulizwa iliwapokea wakiwa wapi. Tabora, mji uliokuwa njia panda ya misafara ya Ujiji, Karagwe na pwani, ni mahali pafaapo kulichunguza suala hili.

Shule ya Serikali ya Tabora ilianzishwa na Waingereza katika miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa machifu. Utawala usio wa moja kwa moja ulihitaji warithi wenye elimu, hivyo kigezo cha kwanza cha kuingia kilikuwa nasaba. Baadaye mtihani ulichukua nafasi ya nasaba. Julius Nyerere, aliyejiunga na shule hiyo mwaka 1937, anasimama kati ya vigezo hivyo viwili: alikuwa mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, na pia alikuwa amefaulu vizuri sana katika shule ya Mwisenge, Musoma. Kutoka Tabora alikwenda Makerere mwaka 1943.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Nyerere huyohuyo alikosoa elimu inayowaandaa wachache na kuwaacha walio wengi wajione wameshindwa. Hata hivyo, mchujo uliendelea. Shule za wavulana na wasichana za Tabora ziliwekwa katika kundi la shule za vipaji maalumu, pamoja na Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala na Msalato. Mchango wa shule hizi kwa taifa hauna shaka. Lakini shule inayopokea wanafunzi waliokwisha kuongoza darasani inapotoa Daraja la Kwanza, ni vigumu kujua ni sehemu gani ya ushindi huo iliyo kazi ya mwalimu.

Sura ya tatu ya historia hii ilianza mwaka 2004, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza kutekelezwa. Wananchi walichangia fedha, mchanga, matofali na nguvu zao, na shule za kata zikaenea nchini, ikiwemo Tabora. Shule hizo zilibezwa kwa majina ya kejeli, na upungufu wa walimu, maabara na vitabu ulikuwa dhahiri. Pamoja na hayo, zilimpokea mtoto ambaye mfumo wa awali ungemrudisha shambani au machungani.

Kwa mwanafunzi huyo, alama ndogo ina uzito mkubwa. Aliyepata pointi 25 yumo katika Daraja la Tatu, na akiwa na alama C katika masomo matatu anaweza kuchaguliwa kuendelea na Kidato cha Tano. Mwenye D nne anaweza kuanza astashahada, kisha stashahada, hatimaye shahada. Katika mji wa Tabora pekee kuna vyuo vya ualimu, uhazili, reli na ufugaji nyuki. Mwalimu aliyemvusha mwanafunzi kutoka F hadi D amemfungulia mlango, ingawa jina la shule yake halitasomwa popote.

Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na wanafunzi bora kitaifa. Uamuzi huo uliondoa heshima iliyokuwa na kasoro, lakini haukuweka nyingine mahali pake. Makala haya yanapendekeza heshima hiyo itokane na kulinganisha matokeo ya Darasa la Saba ya wanafunzi walioingia na matokeo yao ya Kidato cha Nne, pamoja na idadi ya waliojiunga na vyuo na kumaliza masomo.

Yupo atakayesema kwamba huko ni kusherehekea udhaifu. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu iwapo wanafunzi wote wangeanzia mahali pamoja, jambo ambalo historia ya Tabora inalikanusha tangu enzi ya watoto wa machifu. Tahadhari ya kweli ni nyingine: pongezi kwa shule ya kata zisigeuke kisingizio cha kuinyima mwalimu wa hisabati na maabara. Cheti cha heshima kinapotundikwa katika ofisi ya mkuu wa shule, wanafunzi wa darasa la jirani wawe na madawati na vitabu.