Nyota Watano, Kikapu Kimoja (Sehemu ya 5)

ILIPOISHIA: Timu yetu imefungwa mara ya tatu mfululizo, safari hii nyumbani, Lushoto. Tajiri aliyewaleta mastaa watano ameita kikao usiku huohuo. SASA ENDELEA...

Baridi ya Julai ilikuwa imeshuka kutoka Magamba, na mvuke wa chai ya tangawizi ulikuwa umeziba kioo cha dirisha la mgahawa. Nje, Fuso mbili zilikuwa zinapakia kabichi na karoti za kwenda Dar. Zote mbili ni za Tajiri, lakini usiku ule hakuzitazama hata mara moja.

"Mtu mmoja aniambie," alisema. "Nimeleta mastaa watano. Chumba nalipa mimi, chakula nalipa mimi. Tunafungwaje na vijana wa chuo? Mimi naona tatizo ni Kocha."

Kocha aliinamisha kichwa. Aliyejibu ni Mwalimu, mzee aliyetufundisha wengi wetu kudunda mpira tangu shule ya msingi.

"Ndugu yangu, Los Angeles Lakers nao walidhani hivyo mwaka 2012. Walikuwa na Kobe Bryant na Pau Gasol, wakawaongeza Steve Nash na Dwight Howard. Mechi tano tu, wakamfukuza kocha Mike Brown. Wakaja kutolewa raundi ya kwanza ya mtoano, San Antonio Spurs wakiwapiga nne bila."

"Kobe aliumia kisigino Aprili, Mwalimu," akadakia kijana mmoja kutoka kona. "Mbona hilo hulisemi?"

"Nalisema. Lakini Januari, Kobe akiwa mzima, walikuwa wameshinda 17 na kufungwa 25."

Mwalimu akaomba visoda kumi. Vitano vyetu akavilaza kifudifudi, vitano vya wapinzani chali. Kikombe chake kikawa kikapu.

"Huyu ni mpwa wako," akakiweka cha kwanza chini ya kikombe. "Na yule mrefu uliyemtoa Arusha anasimama wapi?" Akakiweka cha pili palepale, ubavuni mwa cha kwanza. "Walinzi wao wamewafuata. Tayari wako wanne chini ya kikapu. Sasa staa wako wa Dar anataka kupenya." Akasukuma kisoda cha tatu, kikagonga vile vinne, kikakwama. "Na hawa wawili wa pembeni hawafungi kutoka mbali, kwa hiyo walinzi wao wanawaacha, wanarudi ndani kuziba. Mlete kocha yeyote duniani. Mpira utapita wapi?"

Mambo hayo nilikuwa nimeyaona kutoka benchi mechi zote tatu, na roho iliniuma, maana wale vijana hawakuwa wabovu. Kila mmoja wao peke yake ananizidi. Ila siku ya kuwasajili yaliangaliwa majina. Nani atatoa pasi, nani atakaba, hakuna aliyeuliza.

"Hasheem Thabeet wetu," Mwalimu akaendelea, sauti imeshuka, "mwaka 2009 Memphis walimchagua wa pili, kabla ya James Harden, kabla ya Stephen Curry. Sentimita 221! Akafika, akamkuta Marc Gasol kwenye nafasi ileile. Watu wakamsema yeye. Mimi mpaka leo nawauliza waliomchagua: mlimwandalia dakika zipi?"

"Miami Heat nao walianza kwa kusuasua 2010," kijana wa kona hakukubali, "wakaja kubeba ubingwa 2012 na 2013. Tupewe muda!"

"Kweli, ila malizia. Mwaka 2012 Chris Bosh alikubali kuacha nafasi aliyoizoea, akacheza katikati. Hapa kwetu atakubali nani?"

Kimya. Ndipo Kocha akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. "Kikosi cha kesho, Tanga," alisema, akamkabidhi Tajiri.

Nilichungulia begani kwake. Jina langu lilikuwa la tatu. La mpwa wake halikuwepo. Na kitu kingine kikanishtua: mwandiko ule haukuwa wa Kocha.

Tajiri akatoa funguo za Coaster, akazibwaga juu ya visoda. "Kwa kikosi hiki, gari langu halishuki Mombo."

Mechi ilikuwa saa tatu asubuhi. Bila Coaster ile kuondoka saa kumi alfajiri, tungepewa kipigo cha mezani.

Mlango ukafunguliwa. Mpwa wake akainama kuupita, jezi bado mwilini.

"Shikamoo, Mjomba."

Tajiri hakuitikia.

"Usimlaumu Kocha. Hiyo karatasi nimeiandika mimi."

"Wewe? Ukajiacha mwenyewe?"

Hakujibu. Akaweka simu yake mezani, karibu na funguo, akaisukuma kwa kidole hadi mbele ya mjomba wake. Tajiri akasoma ujumbe. Akarudia kuusoma, midomo ikichezacheza bila sauti. Kisha akanyanyuka taratibu, akawapita Mwalimu na Kocha, akaja kunishika mkono mimi.

"Wewe," akasema, "ulikuwa unajua?"

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO. Ujumbe ule ulitoka kwa nani, na Coaster itashuka Mombo? Nawe msomaji, ungekuwa Kocha, ungewaanzisha warefu wote wawili? Tuandikie kabla ya Alhamisi.