Habari za Bunduki ya Risasi Moja ya Mwaka 1871, na Jinsi ya Kuipima Thamani Yake

Katika lugha yetu bunduki zina majina mengi, na kila jina lina habari yake. Gumegume ni ile iwashwayo kwa jiwe. Baada yake ilikuja ya fataki, ipigwayo kwa kifuniko kidogo cha shaba chenye dawa ya kulipuka. Zote mbili hushindiliwa kwa mdeki kutoka mdomoni, na watu wengi huziita magobori. Lakini leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za bunduki ya namna nyingine, ambayo pengine mwalimu ataletewa na kuulizwa, “Je, ina thamani gani?”

Bunduki hiyo ni ile ya Kijerumani ya mwaka 1871, iliyobuniwa na ndugu wawili, Wilhelm na Paul Mauser, wa mji wa Oberndorf. Mtutu wake una upana wa milimita 11, na risasi yake ni ya timazi, uzito wake gramu 25 hivi. Hufungwa kwa komeo kama la mlango. Askari hulifungua komeo, hutia risasi moja, hulifunga, hupiga. Kisha hulifungua tena na kuinamisha bunduki ubavu ili ganda tupu lianguke, maana hakuna chombo cha kulirusha nje.

Katika nchi yetu bunduki hii ilikuwa mikononi mwa askari wa serikali ya Kijerumani. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia silaha za namna hii zisiingie sehemu kubwa ya Afrika ila kwa kazi ya serikali na kwa watu wachache wenye ruhusa. Kwa hiyo vita vya Maji Maji vilipotokea mwaka 1905, wapiganaji walikuwa na mikuki na magobori, na askari walikuwa na bunduki za komeo. Hata mwaka 1914 askari wengi walikuwa nazo bado, ingawa huko Ujerumani ilikuwapo bunduki ya mwaka 1898, yenye risasi tano na baruti isiyo na moshi. Baruti ya ile ya kale ilitoa moshi mzito, nao ulimfichulia adui mahali alipo mpigaji.

Basi, miaka michache iliyopita tulionyeshwa bunduki moja ya namna hii na mjukuu wa askari wa zamani, aliyeiweka kwa kibali cha serikali. Alitaka kuiuza. Tulimwambia kwamba mambo matatu hutazamwa kwanza. La kwanza ni namba: zilizopigwa juu ya mtutu, komeo na vyuma vingine zapasa kuwa sawasawa, zikihitilafiana, bunduki imeungwa kwa vipande vya bunduki nyingine, na bei hushuka. La pili ni ndani ya mtutu, kama mistari yake ingali wazi au imeliwa na kutu. La tatu ni mti wake, kama haujapasuka wala kupigwa msasa.

Katika kuitengeneza, kosa kubwa ni kuing'arisha. Tumewahi kuona moja iliyosuguliwa mpaka maandishi yote yakafutika. Ilimetameta kama kisu kipya, na hakuna aliyeweza tena kusema ilitoka wapi. Imetosha kulainisha kutu kwa mafuta, kuiondoa polepole kwa kitambaa, na kuupaka mti mafuta ya kitani kidogo. Wala isijaribiwe kupigwa, maana chuma cha zamani chaweza kupasuka.

Hapo mjukuu yule akageuza kitako, akatuonyesha alama saba zilizokatwa kwa kisu. “Hizi, Mwalimu,” akasema, “nataka ziondolewe. Watu wataniuliza.” Babu yake hakuzieleza kamwe. Huenda ni nyati, huenda ni miezi ya safari, huenda ni watu. Nasi hatukuthubutu kumtuliza moyo kwa jambo tusilolijua. Mnunuzi amemwahidi fedha zaidi kama kitako kikiwa laini. Tulimshauri aziache, kwa kuwa anayezifuta huondoa neno la mwisho la babu yake, liwe jema au baya, na walio wa upande wa pili wa vita vile nao wana haki ya kuliona.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaomba karatasi, akaandika jina la babu yake, kijiji chake, na machache aliyoyasikia kwa baba yake, akaifunga katika ukanda wa bunduki. Hakuiuza.

Basi, wenzetu, mkiletewa kitu cha namna hii, kwanza hakikisheni kina kibali na hakina risasi ndani. Kisha, kabla ya kushika kitambaa na mafuta, shikeni kalamu. Chuma chaweza kungoja, bali wazee wajuao habari zake hawangoji.