Ukomo wa Mishahara na Fedha Taslimu: Klabu za Soka Zinavyopanga Matumizi, na Funzo la Tabora

Mwezi Agosti 2023, timu ya Kitayosce ya Tabora, iliyojulikana baadaye kama Tabora United, ilianza mchezo wake wa kwanza wa Ligi Kuu Tanzania Bara dhidi ya Azam FC, katika Uwanja wa Azam Complex, Chamazi, ikiwa na wachezaji wanane tu. Wawili waliposhindwa kuendelea, mchezo ulivunjika katika kipindi cha kwanza Azam ikiongoza kwa mabao 4-0, kwa kuwa sheria za soka haziruhusu timu kucheza ikiwa na wachezaji chini ya saba. Klabu hiyo ilikuwa imekumbwa na adhabu ya Shirikisho la Soka la Kimataifa (FIFA) ya kufungiwa kusajili, na usajili wa wachezaji wake haukukamilika kwa wakati.

Tukio hilo linaonesha tofauti iliyopo kati ya fedha ambazo klabu imeahidi katika mikataba na fedha ilizonazo siku ya kulipa.

Ukomo wa mishahara ni nini

Ukomo wa mishahara ni kiwango cha juu ambacho klabu inaruhusiwa kutumia kwa malipo ya wachezaji. Ligi ya mpira wa Kimarekani, NFL, imekuwa na utaratibu huo tangu mwaka 1994. Barani Ulaya, UEFA haitaji kiasi kimoja kwa klabu zote; kanuni zake zinaitaka klabu isitumie zaidi ya asilimia 70 ya mapato kwa mishahara, usajili na malipo ya mawakala. Kiwango hicho kilifikiwa kwa hatua, kuanzia asilimia 90 hadi 80, kisha 70.

Ligi Kuu Tanzania Bara haina ukomo wa namna hiyo. Kinachoibana klabu ni leseni na madeni. Utaratibu wa leseni za klabu wa Shirikisho la Soka Afrika (CAF) hupima maeneo matano: michezo, miundombinu, utumishi na utawala, sheria, na fedha. Kwa upande wake, FIFA humruhusu mchezaji asiyelipwa angalau mishahara ya miezi miwili kuvunja mkataba, baada ya kuipa klabu notisi ya siku 15. Klabu isiyotekeleza uamuzi wa kulipa ndani ya siku 45 inaweza kufungiwa kusajili hadi madirisha matatu mfululizo.

Hesabu mbili za mkataba mmoja

Chukua mfano wa mchezaji aliyesaini mkataba wa miaka miwili wenye thamani ya Sh. milioni 60: milioni 24 za usajili zinazolipwa siku ya kusaini, na mshahara wa milioni 1.5 kwa mwezi. Vitabuni, gharama yake ni milioni 30 kwa mwaka. Hata hivyo, mwaka wa kwanza klabu itatoa taslimu milioni 42, na mwaka wa pili milioni 18. Klabu inayosajili wachezaji kumi kwa utaratibu huo huhitaji fedha nyingi kabla ligi haijaanza, wakati mapato ya mlangoni bado hayajaingia na fedha za udhamini na haki za matangazo hulipwa kwa awamu.

Kwa timu ya Tabora, umbali nao ni gharama. Jiji la Dar es Salaam liko zaidi ya kilomita 800, na kila safari ina nauli, malazi, chakula na posho.

Somo la zamani

Jambo hili si geni katika njia ya kale ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji. Katika karne ya 19, wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitofautisha ujira wa safari na posho ya chakula cha kila siku. Kiongozi wa msafara alipaswa pia kutenga vitambaa na shanga za kulipia hongo alipopita Ugogo. Aliyemaliza bidhaa zake njiani alihatarisha kuachwa na wapagazi, hata kama ujira waliokubaliana ulikuwa mzuri.

Umiliki mpya, kanuni ile ile

Msimu wa 2025/26, klabu hiyo imeshiriki Ligi Kuu kwa jina la TRA United, baada ya kuingia mikononi mwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Umiliki wa taasisi unaweza kuipa klabu chanzo cha fedha kinachotabirika zaidi, lakini hauondoi wajibu wa kupanga.

Kwa klabu yoyote, mpango huo huanza kwa kuorodhesha malipo ya kila mwezi wa msimu mzima, kutenga mishahara kabla ya fedha za usajili, kulipa usajili kwa awamu zilizoandikwa katika mkataba, na kumaliza madai ya waliokwishaondoka kabla ya kusajili wapya. Klabu isiyofanya hivyo inaweza kuwa na kikosi kizuri katika karatasi, na wachezaji wanane uwanjani.