Selulaiti Baada ya Ufyonzaji wa Mafuta: Tiba Zisizo za Kisu

Selulaiti ni jina la vishimo na vinundu vidogo vidogo vinavyojitokeza juu ya ngozi ya mapaja na makalio, na mara nyingine ya tumbo, kwa mwanamke aliyekwisha kubaleghe. Na Wafaransa, ambao jina lenyewe limetoka kwao, huifananisha ngozi hiyo na ganda la chungwa. Si maradhi, wala si adhabu ya ulafi, kwani wanawake wanane au tisa katika kila kumi wanayo kwa kadiri fulani, wembamba kwa wanene. Makala haya yanahusu hali yake moja mahsusi, nayo ni pale inapobaki, au inapozidi kudhihiri, baada ya mtu kufyonzwa mafuta kwa ajili ya urembo, kisha akawa hataki au hawezi kurudi tena chini ya kisu.

Sababu ya mafuta kuondoka na vishimo vikabaki imo katika umbile la ngozi. Chini yake mafuta hukaa katika vyumba vidogo vinavyotengwa kwa nyuzi ngumu za kolajeni, na nyuzi hizo ndizo zinazoifunga ngozi na utando ulio chini. Kwa mwanamume hupishana mshazari kama ususi wa mkeka, ilhali kwa mwanamke nyingi husimama wima, hata mafuta yanaposukuma kwenda juu, uzi huivuta ngozi kwenda chini, na pale penye uzi pakawa na kishimo. Matabibu wawili wa Kijerumani, Nürnberger na Müller, waliyaeleza hayo mwaka 1978, na wakathubutu kuiita selulaiti maradhi ya kubuniwa. Aliyepata kumtazama fundi akitunga godoro la sufi ataelewa bila taabu: sindano ndefu hupenya kutoka upande huu hadi upande wa pili, uzi ukakazwa, na pale ulipokazwa pakabonyea, nawe ukilifumua godoro hilo pembeni ukalipunguza sufi, mishono haifunguki kwa hilo, bali kitambaa hulegea na mabonyeo yakazidi kuonekana.

Ufyonzaji wenyewe ni tadbiri ya juzi. Katika miaka ya 1920 tabibu wa Paris aitwaye Charles Dujarier alijaribu kumkwangua mafuta ya mguu mcheza dansi mmoja, na balaa iliyofuata ikamkosesha mguu huo. Hofu ya ajali ile ikakaa nyoyoni mwa matabibu kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1970 Giorgio Fischer na babake Arpad, mjini Rome, wakabuni chombo cha kufyonzea. Mwaka 1977 Yves-Gérard Illouz wa Paris akaanza kutumia mrija butu, ili upenye katika mafuta na kuisalimisha mishipa. Na mwaka 1987 Jeffrey Klein, tabibu wa ngozi wa California, akaeleza namna ya kujaza chini ya ngozi maji mengi yenye dawa ya ganzi na adrenalini, jambo lililopunguza mno umwagikaji wa damu. Muradi wao wote ulikuwa kurekebisha umbo. Mrija huchukua zaidi mafuta ya tabaka la ndani, na selulaiti imekaa tabaka la juu, jirani na ngozi. Na daktari anayelazimisha kuifuata huko juu ndiye aghalabu anayeacha mifereji na mabonde ambayo hayakuwapo kabla.

Kwa hiyo kabla ya tiba yoyote hapana budi ibainishwe ni kitu gani hasa kinachotibiwa. Uvimbe wa upasuaji huchukua miezi mitatu hata sita kwisha, na kabla ya hapo kila hukumu ni ya haraka. Baada ya muda huo, yawezekana kinachoonekana ni selulaiti ya tangu zamani. Au ni mifereji ya mrija, ambayo hufuata njia ulikopita. Au ni ugumu wa kovu chini ya ngozi, unaohisika kwa vidole kuliko unavyoonekana kwa macho. Au ni ngozi iliyolegea kwa kukosa cha kuijaza. Kipimo cha Nürnberger na Müller ni chepesi na hakihitaji mashine: mwenye vishimo vinavyotokea ngozi inapofinywa tu yuko daraja ya kwanza, vikionekana akisimama na kutoweka akilala ni ya pili, na vikionekana asimame au alale ni ya tatu. Mfereji wa mrija haujali sana kama mtu amesimama au amelala, na hiyo ni alama njema ya kuupambanua.

Tiba ya mwanzo kabisa, inayoanza siku za upasuaji wenyewe, ni vazi la kubana, ambalo huvaliwa kwa majuma kadhaa ili ngozi ishikamane sawasawa na kilicho chini yake, pamoja na ukandaji laini wa kuyaongoza maji ya limfu, uliobuniwa na Emil Vodder na mkewe Estrid, watu wa Denmark waliofanya kazi Ufaransa katika miaka ya 1930. Mkono katika ukandaji huu hupita kwa wepesi, kwani mirija ya limfu i karibu na ngozi, na anayeikandamiza huibana. Fadhila yake ni kupunguza uvimbe, na kwa njia hiyo ngozi huonekana sawa zaidi, lakini nyuzi hauzigusi. Wanawake wa pwani yetu, waliolelewa na makungwi wakijua thamani ya singo na ya mkono wenye mafuta ya nazi, hawahitaji kufundishwa kwamba kusingwa huilainisha ngozi na kuustarehesha mwili. Wanachopaswa kuambiwa kwa ukweli ni kwamba starehe hiyo, iwe ya msingaji wa Mombasa au ya mkandaji wa Ufaransa, haifungui mshono wa godoro.

Mashine zilikuja kuurefusha mkono huo. Mhandisi Mfaransa Louis-Paul Guitay, katika miaka ya 1980, aliunda chombo chenye magurudumu mawili kinachoinyanyua ngozi kwa kuifyonza na kuizungusha, akikusudia kwanza kulainisha makovu. Baadaye ndipo kikatumiwa kwa selulaiti, na Marekani ikakiruhusu kwa maneno ya tahadhari, kwamba hupunguza mwonekano kwa muda. Nyingine hutumia mawimbi ya redio, yanayoipasha ngozi joto la nyuzi 40 hadi 42 hivi, ili kolajeni ijikaze na mpya izalike. Hapa pana hadhari isiyotajwa vya kutosha: ngozi iliyofyonzwa mafuta huweza kuwa na ganzi kwa miezi, na asiyehisi moto hawezi kumwambia mkandaji kwamba anaungua. Kuna tena mawimbi ya mshindo, jamaa ya yale yaliyovunja mawe ya figo kwa mara ya kwanza mjini Munich mwaka 1980, ambayo yakipunguzwa nguvu hupigwa juu ya mapaja kwa vikao kadhaa; nafuu yake ni ya kiasi, lakini katika vyombo visivyotoboa ngozi ni miongoni mwa vilivyochunguzwa kwa bidii zaidi, na kwa kovu gumu lililoachwa na mrija mimi ningeyatanguliza.

Habari ya sindano inastahili kusimuliwa kwa urefu, kwa sababu ni ya karibu na ina mafunzo. Mnamo Julai 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha Qwo, dawa ya kwanza ya kudungwa kwa ajili ya selulaiti ya makalio, ambayo ni kimeng'enya cha bakteria kinachoyeyusha kolajeni. Yaani, kwa mara ya kwanza dawa iliuelekea uzi wenyewe. Ilionekana kwamba mlango umefunguka. Lakini damu ilivilia chini ya ngozi za wengi, na kwa baadhi yao weusi wa kuvilia ulikawia kutoka, hata Desemba 2022 kampuni iliyoitengeneza, Endo, ikatangaza kwamba itaacha kuiuza. Mwenye ngozi nyeusi au ya maji ya kunde alitazame jambo hili kwa makini kuliko mwingine, kwani ngozi yetu, ikiumizwa kwa sindano, kwa joto au kwa miale ya leza, huweka alama nyeusi inayoweza kudumu kuliko kishimo kilichokusudiwa kuondolewa.

Marhamu zina machache ya kusemwa. Za kafeini hukausha maji kidogo kwa saa chache. Zenye retinoli, zikipakwa kwa miezi sita, huweza kuinenepesha ngozi ya juu hata ikafunika baadhi ya vishimo, nazo mjamzito hafai kuzitumia. Kukata nyuzi kwa sindano yenye makali, njia iliyoelezwa na Dóris Hexsel wa Brazili mwaka 2000, hudumu zaidi kuliko yote yaliyotajwa. Ila ni ukataji, na umo mpakani mwa makala haya. Uzito nao usisahauliwe: chembe za mafuta zilizosalia hunenepa mwenyewe akinenepa, na tiba ya miezi huharibiwa kwa msimu mmoja.

Katika tiba hizo zote hakuna inayoiondoa selulaiti moja kwa moja, na nyingi hutaka kurudiwa. Mwenye kuziuza bila kusema zitadumu muda gani amemdhulumu mteja wake, hata kama kila alichosema kingine ni kweli.

Na msomaji asichanganye selulaiti na selulaitisi, kwa kuwa majina yamekaribiana na mambo yako mbali. Selulaitisi ni uambukizo wa bakteria ndani ya ngozi, na huweza kumfika aliyetoka kupasuliwa: mahali huwa pekundu au pakaiva rangi, pakawa pa moto, pakauma na kuvimba, na mara nyingi homa ikafuata. Mguu wa namna hiyo, na kadhalika mguu mmoja unaovimba na kuuma kwenye shavu la mguu, usikandwe wala usipashwe joto. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.